Tuungane: juu ya kuulizwa na kusikilizwa

Wataalamu watatu, Macartan Humphreys, Raúl Sánchez de la Sierra na Peter van der Windt, waliandika mwaka 2012 taarifa ndefu juu ya vijiji vya mashariki ya Kongo. Mwaka 2019 wakaitoa tena, imefupizwa na kunyooshwa, katika gazeti moja la elimu ya uchumi. Maandiko hayo hayakuandikwa kwa ajili ya mapadri. Lakini yanasema juu ya wakristu wetu, juu ya wazee na wamama tunaowaona kanisani kila siku ya Mungu, na yanatoa juu yao hukumu ambayo haifai kuipitisha pasipo kuipima. Ndiyo sababu tunawaletea wasomaji wetu maneno haya.

Kwanza habari yenyewe. Mwaka 2007 ulianza mupango ulioitwa Tuungane. Feza zake zilitoka kwa serikali ya Uingereza, na kazi ilishikwa na International Rescue Committee pamoja na CARE. Uliingia katika vijiji 1.250 vya Sud-Kivu, Maniema na Katanga, provensi ambayo wakati ule ilikuwa haijagawanywa. Njia yake ilikuwa hii: kijiji kinachagua komite kwa kura, komite inaongea na watu wote, watu wanataja kazi wanayoitaka, masomo ao maji ao barabara ao dispansere, kisha feza zinatolewa na komite inatoa hesabu mbele ya wote. Vijiji vya kuingizwa katika mupango vilipatikana kwa bahati nasibu, ili baada ya miaka miwili vilinganishwe na vile ambavyo havikuingizwa.

Halafu wataalamu wakafanya jambo lenye akili, nasi tunawasifu. Hawakutosheka na kupita nyumba kwa nyumba wakiuliza: Je, mumejifunza demokrasia? Kila mutu angejibu ndiyo, kwa adabu. Walitoa dola 1.000 kwa kila kijiji katika vijiji 560, vingine vya Tuungane, vingine visivyoonja Tuungane hata siku moja, pasipo kuviwekea namna ya kuchagua wasimamizi wala kazi ya kufanya. Wakaangalia. Nani ataita mukutano? Nani atachaguliwa? Feza zitaonekana ao zitapotea? Hawakuona tofauti ya maana. Ndani ya Tuungane watu walifuata kanuni vizuri. Feza zilipokuja kwa mulango mwingine, waliozoezwa miaka miwili hawakutenda tofauti na wale wasiozoezwa. Maandiko mengine ya wataalamu hao hao, ya mwaka 2018, juu ya vijiji 661, yalionyesha mambo kama hayo kwa upande wa wamama: pale komite ziliposhurutishwa kuwa na wanawake sawa kwa hesabu na wanaume, haikuonekana alama kwamba nguvu ya wanawake imeongezeka.

Wengi wanaosikia habari hiyo, hata mapadri tuliozungumza nao, wanatoa neno upesi: Mumeona, watu wa vijiji hawafundishiki. Tunakataa. Walimu wetu wa filozofia walituzoeza kutenganisha mambo kabla ya kuhukumu. Vyungu viwili vikiwa na uzito sawa, mizani haisemi kama vyote viwili vimejaa ao vyote viwili ni vitupu. Kijiji ambacho hakikupata Tuungane hakikuwa pori. Kilikuwa na baraza lake kabla ya mugeni kufika. Wabembe wana lubunga yao, na wengine wana yao. Pengine watu walijua kuongea juu ya dola 1.000 kwa sababu walikuwa wamekwisha kuongea juu ya mashamba, mahari na maji kwa miaka mingi. Tuungane ilipokwenda, walirudia desturi yao, kwani hawakuwa wameiacha. Hatusemi desturi hiyo ni takatifu. Tunajua namna vijana na wamama wanavyokaa kando. Tunasema tu kwamba taarifa ilipima kama somo limeshikwa, ikawa rahisi kwa wasomaji kusahau kwamba mwanafunzi huyo alikuwa na somo lake tangu zamani.

Lakini lawama yetu kubwa iko kwa mupango wenyewe kuliko kwa wale walioupima. Kijiji kiliambiwa: Ninyi ndio wenye kuchagua. Kilichagua nini? Kilichagua masomo ao maji. Hakikuchagua wingi wa feza, wala muda, wala umbo la komite, wala siku ambayo yote yatakwisha. Hata hesabu ya wanawake katika komite iliamuliwa mbali na kijiji, tena kwa bahati nasibu, ili elimu ipate faida yake. Mukatekista mumoja muzee alitusimulia namna mikutano ya aina hii, ya wafazili wowote, inavyotengenezwa. Usiku wa kuamkia mukutano watu wanakutana wao kwa wao, na swali la kwanza ni hili: Mugeni anatoa nini? Akitoa masomo, kesho tutalia juu ya watoto wetu. Akitoa maji, tutalia juu ya kisima. Mutu asicheke. Hiyo ni akili, na ni mashauri ya kweli kabisa. Ila yanafanyika usiku, na mugeni anaandika yale ya mchana.

Kuna tena jambo la sheria, ambalo wasomaji wa taarifa wanalipita mbio. Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 inahesabu muji, komini, sekta na sheferi kuwa mahali penye utawala wao na mufuko wao. Grupema na kijiji havimo. Maana yake, komite ya kijiji iliyozoezwa kutoa hesabu miaka miwili haikuwa na mufuko wa Leta wa kuutolea hesabu mwaka wa tatu. Na pale sheferi ina mufuko, baraza lake halina watu waliochaguliwa: hata uchaguzi wa Desemba 2023 haukufika kwa mabaraza ya sheferi na sekta. Mumufundishe mutu kuogelea, kisha mukaushe mto; tutashangaa namna gani kama haogelei?

Sisi wa Eklezya tuna mufano wetu katika Matendo ya Mitume, sura ya sita, na tunapenda kuuhubiri siku ya upadrisho wa mashemasi. Tuusome safari hii kama habari ya ugavi wa chakula. Nani alianza? Walionungunika, kwa sababu wajane wao waliosema Kigiriki walisahauliwa kila siku. Malalamiko yalitangulia, komite ikafuata. Mitume waliita umati wote, umati ukachagua, na majina saba yote ni ya Kigiriki: yaonekana wakubwa wa meza walitoka upande wa wale waliolia. Mutu anaweza kutupinga: hesabu ya saba ilitoka kwa Mitume, na sifa za wachaguliwa pia. Ni kweli, nasi hatufichi. Hata mashauri mema yana mwenye kuyaongoza. Lakini Mitume hawakuuliza wajane wanapenda mukate gani ili wao wenyewe waugawe. Waliacha meza yote mikononi mwa wale saba, wakarudi kwa kazi yao ya kusali na kuhubiri. Pio XI aliweka neno hilo kuwa kanuni mwaka 1931: kazi ambayo jamaa ndogo yaweza kuifanya, jamaa kubwa isiinyang'anye.

Na kwetu je? Tangu mwaka 1961 Maaskofu wa Kongo walichagua njia ya jumuiya hai, na mashariki mashirika yetu yanakusanyika kila juma kwa sala na kwa kusaidiana. Hatuna haki basi ya kuwahukumu wageni wa Tuungane kana kwamba sisi hatujui kuuliza watu. Tuseme afazali yaliyotupata. Papa Fransisko alipofungua Sinodi mwezi wa Oktoba 2021, maswali yalishuka mpaka katika mashirika. Katika parokia tuliyokuwamo, tuliyatafsiri vizuri, tukaongeza mifano ya majibu ili watu wasisumbuke. Karatasi ziliporudi zilifanana kama maharagwe ya ganda moja. Moja tu haikufanana, ya shirika la wamama wachuuzi. Hawakujibu hata swali moja. Waliandika mistari miwili, kwamba Misa ya katikati ya juma imewekwa siku ya soko, saa ile ile ya kupanga bidhaa, wakaomba ihamishwe.

Tuliiweka pembeni, kwani haikujibu lililoulizwa. Tulipopita pale mwaka jana, Misa ile ilikuwa ingali inasomwa siku ya soko.