Faktire ya Mahari na Mimba ya Kwanza: Kwa Nini Komite Inavunjika Mapema?



Katika mji wetu wa Bukavu, siku ya posho mchana haipiti bila kusikia honi za magari ya harusi. Yanatoka kanisani, yanazunguka Place de l'Indépendance, yanashuka kuelekea ziwani kwa kupiga picha, kisha watu wanaingia kwenye sale kula na kucheza. Sisi pia tunaalikwa, tunakula, tunacheza. Tusijifanye watakatifu.

Lakini kuna harusi moja ambayo haitutoki kichwani. Kijana alikuwa mwalimu wa sekondari kule Kadutu, na mchumba wake aliuza vitenge kwenye soko la Nyawera. Mahari ilitolewa vizuri, komite ya harusi ilifanya mikutano karibu kila siku ya Mungu, na feti ilipendeza. Miezi kumi na moja kisha, tulikuta yule yule mwalimu amekaa kwenye benchi la maternite moja ya mji. Mke wake alikuwa amezaa siku tano mbele, mtoto muzima, lakini mama na mtoto walikuwa wamezuiliwa kwa sababu deni la kuzalisha halijalipwa. Tulimuuliza kama amepigia watu wa komite simu. Akajibu kwa sauti ndogo: « Komite ilisha vunjika. Kila mutu alisha rudi kwake. »

Maneno hayo ndiyo yanatufanya tuandike. Tunataka kuangalia desturi yetu ya uchumba na mahari jinsi inavyochezwa leo, tuseme sehemu gani ni nzuri na sehemu gani imepotoka. Tunasema « inavyochezwa » kwa makusudi. Sherehe ya mahari ina wasemaji, ina mavazi, ina maneno ya kujifunza na ina watazamaji. Kitu kinachochezwa mbele ya watu, watu wana haki ya kukipima.

1. Uzuri wa mchezo

Tuanze na sifa, maana zipo. Wajumbe wa kijana wanafika, wanasimama mlangoni. Msemaji wa familia ya msichana anajifanya hawajui: « Munatafuta nini huku? » Mwenzake hasemi « tumekuja kuoa ». Anazunguka. Anasema wamepita njiani, wakaona ua zuri kwenye parseli hii, ao kuku yao ilipotelea hapa. Watu wanacheka. Kisha analetwa msichana amefunikwa kitenge. Siye. Analetwa wa pili. Siye. Na kila mara wageni wanaombwa pesa ya transpo ya kumrudisha.

Wengine wanasema huo ni utoto. Sisi hatuoni hivyo. Kuzunguka kwa maneno kunafundisha kwamba mtu haombwi sawa vile kilo ya sukari. Familia mbili ambazo hazijuani zinacheka pamoja mbele ya kuongea mambo magumu, na hiyo ni akili ya wazee.

Halafu inafika saa iliyo kubwa kuliko zote. Mchumba mwenyewe anatoka, na baba yake anamuuliza mbele ya wote: « Hawa batu unabajua? Tupokee bitu byabo? » Msichana anajibu ndiyo. Katika sherehe nzima, hilo ndilo neno lake moja. Na hapa ndipo kasoro ya kwanza inaonekana: swali hilo linachukua nusu dakika, lakini kusoma faktire kunachukua saa mbili. Mtu wa inje akiangalia atafikiri mwenye harusi ni faktire.

2. Ng'ombe alikuwa anasema nini

Kwa Bashi, mahari ni ng'ombe. Lakini tusisahau kwamba ng'ombe hakuwa wa ndoa tu. Mtu aliyetaka shamba la kudumu, yeye na watoto wake, alitoa ng'ombe kwa chefu, na mapatano hayo yaliitwa kalinzi. Mtu aliyekosa mifugo alipewa ng'ombe wa kuchunga, akanywa maziwa, na yule aliyempa akabaki na neno juu ya ndama: hiyo ni bugabire. Kwa hiyo kila mahali ambapo watu walitaka kufungana kwa muda mrefu, ng'ombe alisimama katikati.

Kwa nini ng'ombe na si kitu kingine? Kwa sababu ng'ombe anazaa. Ndama akizaliwa, watu wanakumbuka alitoka wapi. Ng'ombe akigonjwa, wanatumiana habari. Mahari ya ng'ombe haikumalizika siku ya kutolewa, ilikuwa mwanzo wa hesabu ambayo hakuna aliyetaka ifungwe. Bakwe walibaki bakwe kwa sababu jambo lao lilikuwa linaendelea kutembea na kula majani.

Leo mambo yamegeuka. Vita tangu mwaka 1996 viliporesha mifugo mingi ya Kivu ya Kusini, na mjini hakuna pa kuchungia. Basi ng'ombe amekuwa hesabu. Kwenye karatasi wanaandika « ng'ombe » na idadi yake, kisha wanageuza kuwa dolare. Hatulaumu kugeuza, maana mtu wa Bagira mwenye vyumba viwili hawezi kufungia ng'ombe uani. Tunalaumu jambo lingine: dolare katika envelopi hazizai. Zikihesabiwa na mtu kusema « imetimia », hesabu imefungwa. Tumechukua kitu kilichofungua njia, tukatia mahali pake kitu kinachofunga.

3. Faktire

Hata jina lenyewe linasema. Wazee hawakuwa na faktire. Faktire inatoka dukani, na mtu akilipa faktire anabeba kitu chake, hana deni tena wala rafiki. Katika faktire ya yule mwalimu kulikuwa na ng'ombe wa maandishi, mbuzi wa kweli, suti ya baba, vitenge vya mama na vya mashangazi, jembe, chumvi, kazie za Primus, na pesa ya mjomba. Jembe na chumvi tunavielewa, vina maana ya zamani. Lakini mwisho wa karatasi kulikuwa na « mengineyo ». Hakuna mtu aliyejua « mengineyo » ni nini, isipokuwa kwamba ilikuwa na bei.

Sheria ya Leta, kwa upande wake, haikatai mahari. Kanuni ya Jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987, ambayo ilirekebishwa tarehe 15 Julai 2016, inaitaka katika kifungu cha 361. Lakini inasema pia kwamba ndoa inaweza kufungwa hata kama mahari imetolewa sehemu tu, na kwamba inaweza kuwa ya alama. Na uchumba wenyewe, Leta inauona ni ahadi isiyolazimisha mtu kuoa. Kanisa Katoliki linasema karibu hivyo hivyo katika sheria yake ya mwaka 1983. Maana yake ni kwamba hakuna sheria inayosukuma kijana kukopa ili amalize faktire kwa siku moja. Tunaosukuma ni sisi wenyewe, wajomba na mashangazi, tukiogopa jirani atasema nini.

Kuna mstari mwingine unaotuumiza zaidi. Msichana akipata mimba mbele ya mahari, inaongezwa amandi. Tunaelewa wazazi wanaona haya, na kijana lazima ajue ana madaraka. Lakini tuangalie tunachoandika: mtoto ambaye hajazaliwa anawekwa kwenye karatasi moja na mbuzi na bia, tena upande wa makosa. Kanuni ile ile ya Jamaa inataka kila mtoto Mkongomani awe na baba. Mara ngapi amandi imekuwa kubwa paka kijana akakimbia, na mtoto akabaki bila yule baba tuliyedai tunamtafuta?

4. Komite na mimba

Tufike kwa komite. Ukitaka kuona nguvu ya watu wa Bukavu, nenda kwenye mkutano wa komite ya harusi. Kuna prezida, kuna kesie, kuna daftari. Kila mtu anataja mchango wake, na asiyekuja anapigiwa simu. Watu ambao Leta haiwalipi vizuri wanakusanya pesa ya sale, chakula, sono, kameraman na keki yenye gorofa. Hakuna mtu anayewalazimisha. Hiyo ni mali kubwa ya jamii yetu, na asiyeona hivyo hatujui.

Lakini komite inafanya hesabu ya mwisho wiki moja kisha feti, inakunywa soda, inavunjika. Na bibi arusi, mara nyingi, mimba inaingia katika miezi ile ya kwanza, wakati nyumba imejaa mabakuli ya zawadi na deni. Mke wa mwalimu wetu alienda kupimwa mara ya kwanza akiwa na miezi saba. Kwa nini? Pesa yote ilikuwa inalipa deni la harusi, naye aliona haya kusema. Shirika la Afya Duniani, tangu mwaka 2016, linashauri mama apimwe mara 8, na mara ya kwanza iwe mbele ya wiki 12. Hapo ndipo wanaangalia damu na presha, wanatoa vidonge vya kuongeza damu na chandarua. Kuanzia mwezi wa nne anapewa pia dawa ya kuzuia malaria. Yule mama alikosa karibu yote hayo, si kwa ujinga, maana alisoma. Alikosa kwa sababu watu mia tatu waliomchezea walikuwa wamekwenda.

Wazee wetu wanasimulia kwamba mimba ya kwanza haikuwa ya watu wawili. Mama mkwe aliangalia kazi ngumu zisimfikie, upande wa kwao walikuja na uji wa mtama, na baada ya kuzaa kulikuwa na mama mkubwa wa kumkanda kwa maji ya moto. Hatusemi zamani ilikuwa paradiso. Wanawake wengi walikufa katika kuzaa, na ndoa nyingi zilipangwa bila lile swali la « unabajua? ». Leo sheria inakataza ndoa mbele ya miaka 18, kwa msichana na kwa kijana, na ni vizuri. Lakini jambo moja walilijua: ndoa inapimwa kwa miezi na miaka.

5. Wanaotupinga

Tunajua majibu. Wengine watasema: « Binti yangu nilimusomesha, nisipate kitu? » Mzee, pata. Lakini ukichukua yote leo kwa mkwe anayeanza maisha, kesho binti yako ndiye atakayelala na njaa. Umemtoza yeye.

Wengine watasema feti ni heshima, mtu anaoa mara moja. Kweli, furaha ni haki, hasa katika mji ulioona mengi. Lakini mji huo huo umetufundisha kitu. Februari 2025, M23 ilipoingia Bukavu na mabenki yakafunga milango, akiba za harusi zilibaki ndani. Baadhi ya vijana tunaowajua walifunga ndoa asubuhi, wakala pamoja na jamaa nyumbani, wakaenda zao. Ndoa hizo si ndogo kuliko zingine. Hakuna anayependa kufundishwa namna hiyo, lakini somo lisipotee.

6. Tunaomba nini

Hatuombi desturi ifutwe. Tunaomba mambo matatu.

Kwanza, faktire isomwe baada ya swali la msichana, isiwe mbele yake, na mstari wa « mengineyo » uondoke. Sehemu moja ya mahari ibaki deni la heshima kati ya bakwe, bila tarehe, sawa vile ndama aliyekuwa anangojewa.

Pili, mimba isiwe kamwe kitu cha amandi. Kijana aletwe, aseme mbele ya familia zote mbili kwamba mtoto ni wake, na pesa ile ya amandi iende kwenye vipimo vya mama.

Tatu, na hili ndilo kubwa: komite isivunjike baada ya feti. Daftari libaki kwa kesie. Sehemu ya michango, hata kama ni robo, iwekwe kando paka mtoto wa kwanza azaliwe, atoke maternite, na aandikishwe etasivili katika siku 90. Kama mimba inachelewa, watu wasiulize maswali ya kuumiza. Pesa ingoje, haiozi. Tuna likelemba, tuna AVEC katika mitaa yote, kwa hiyo kazi hii tunaijua.

Yule mwalimu alitoka maternite siku ya saba. Aliyelipa ni AVEC ya mama mkwe wake, wanawake kumi na tano wa soko, ambao kwenye harusi walikaa viti vya nyuma. Hawakuwa kwenye komite. Siku hiyo walikuja na kitenge cha kubebea mtoto, wakamuita mama yake kwa jina la mtoto, na mmoja wao akamwambia yule kijana: « Sasa ndio umeoa. »

Tunaona alisema kweli.