Swali Linalotangulia Kifo: Kuisoma Upya Rosa Mistika

Riwaya ya Euphrase Kezilahabi iitwayo Rosa Mistika ilitolewa mwaka 1971, na tangu hapo wahakiki wameisoma hasa kama riwaya ya malezi. Zakaria, baba mlevi, anampiga bintiye Rosa kwa sababu ya barua ya mvulana. Rosa, aliyefunzwa kuwaogopa wanaume tu, anafika chuoni asijue namna ya kujilinda. Hatimaye Charles, mchumba wake, anamkataa kwa kuwa si bikira, naye Rosa anajiua. Usomaji huo ni sahihi, lakini haujakamilika.

Swali linaloongoza uhakiki huo ni moja: kosa ni la nani? Mwandishi mwenyewe analichochea, kwani baada ya kifo anawasimamisha binti na baba mbele ya hukumu ya Mungu. Lakini hukumu hiyo inafika Rosa amekwisha kufa. Sisi tunapendekeza swali linalotangulia kifo: ni nani aliyetambua kwamba Rosa anaumia moyoni, na alimsaidiaje?

Tukisoma kwa swali hilo, tunaona kwamba Rosa amezungukwa na watu wanaomwadhibu, wanaomtumia na wanaomhukumu. Regina, mama yake, anampenda. Lakini yeye pia ni mtu wa kuteswa, hana pa kuegemea. Upweke huo ndio unaotisha kuliko kosa la mtu mmoja.

Lugha nayo ina sehemu yake. Neno wazimu lina undugu na mzimu. Linataja ugonjwa unaoonekana na kila mpita njia. Maumivu ya kimya tunayaita mawazo, huzuni au aibu, kisha tunamwambia mwenyewe avumilie. Siku hizi Kiswahili kina neno sonona, kutokana na kitenzi kusonona, kwa ajili ya huzuni nzito inayodumu na inayohitaji tiba. Hatusemi kwamba Rosa alikuwa na sonona, maana mhusika wa kubuni hapimwi na mganga. Tunasema tu kwamba jina la ugonjwa humfungulia mgonjwa njia ya kutibiwa, na jina la aibu humfungia.

Jambo hili si la vitabuni tu. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, zaidi ya watu 720,000 hufa kila mwaka kwa kujiua, na kwa vijana wa miaka 15 hadi 29 hiyo ni sababu ya tatu ya vifo. Hao ni rika la Rosa, na ni rika la wanafunzi tunaowasomesha riwaya hii. Wataalamu wanathibitisha kwamba kumwuliza mtu waziwazi kama anawaza kujiua hakumsukumi kufa. Humpa nafasi ya kusema, na aliyesema aweza kusindikizwa kwa mganga, akatibiwa, akapona.

Basi mwalimu asiishie kuuliza nani alaumiwe. Awaulize wanafunzi wake: katika ukurasa upi Rosa angeweza kuokolewa, na kwa neno gani?