Mshono Uliovunjwa Makusudi

Tangi la lita 1,000 likijaa, maji yake peke yake yana uzito wa tani 1. Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka Mei 22, 2021, lava iliharibu miundombinu ya maji, na watu wapatao nusu milioni katika mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, wakabaki bila maji safi. Katika mji wa namna hiyo, kuweka akiba ya maji ni sehemu ya maisha, na tangi hupandishwa juu ya mnara wa konyeri, yaani vyuma vya pembe, ili maji yashuke yenyewe. Watoto hucheza chini yake. Kinachoshikilia tani hiyo juu ya vichwa vyao ni mishono ya chuma isiyozidi upana wa kidole. Jicho huona sura ya mshono tu. Ndani yake halifiki.

Kwa sababu hiyo nawaheshimu sana wanaofundisha kazi hii ya kuchomelea. Goma ina mahali pa kuisomea: kwa Wasalesiani wa Don Bosco pale Ngangi, ambako vijana wengi walioathiriwa na vita wamepewa ufundi mikononi, na INPP, taasisi ya serikali ya mafunzo ya kazi iliyoanzishwa mwaka 1964. Wengine hujifunza barabarani, kwenye karakana ya mjomba, wakianza kwa kushika konyeri huku fundi akichomelea. Kati yao nako wamo mafundi hodari. Lakini kuna jambo moja ambalo barabara haina nafasi ya kulifundisha, nalo nitalifikia.

Mwanafunzi haanzi na moto. Anaanza na brashi ya waya, faili na rula. Chuma chenye kutu, mafuta au rangi kitatoa mvuke ndani ya mshono na kuacha vitundu. Bamba nene lazima likatwe kingo kwa mshazari, na uachwe mwanya mdogo, ili moto ufike chini kabisa. Kisha vinakuja vidonge vya kushikiza tu, hapa na pale, na kupima umbali kati ya pembe mkabala kama unalingana, maana chuma kikipoa husinyaa na kuvuta fremu nzima upande. Lango lisilofunga vizuri mara nyingi liliharibiwa hapo, kabla mshono wenyewe haujaanza.

Ndipo bageti, ile fimbo ya kuchomelea, inawashwa. Bageti yenye kipenyo cha milimita 2.5 huhitaji kati ya ampea 70 na 100 hivi. Ukipunguza mno inaganda kwenye chuma, ukizidisha inatoboa. Tangu kituo cha umeme cha Matebe kule Rutshuru kizinduliwe Desemba 2015, na umeme wake kufika Goma baadaye, karakana nyingi hazitegemei jenereta peke yake. Hata hivyo umeme mzuri hauongozi mkono. Ncha ya bageti lazima ikae umbali unaolingana na unene wa waya wake, na bageti inafupika kila sekunde, kwa hiyo mkono unashuka huku unasonga mbele, bila kutetemeka. Anayeanza hutazama mwanga. Aliyekomaa hutazama dimbwi dogo la chuma kilichoyeyuka nyuma ya mwanga, jinsi linavyojaa na kulamba kingo zote mbili. Anasikiliza pia: mlio ukiwa sawasawa, kazi inakwenda sawasawa.

Kuchomelea chuma kilicholala ni rahisi. Mtihani ni chuma kilichosimama, ukipanda kutoka chini kwenda juu, wakati dimbwi linataka kumwagika. Fundi hutulia kidogo kwenye kila kingo, hupita katikati haraka, na kila hatua inakuwa rafu ya kubeba inayofuata. Nimetazama mafundi wakipanda hivyo na sijachoka kutazama. Kila safu ikiisha, mavi ya chuma yanagongwa na kusuguliwa hadi yaishe, kwa sababu yakibaki yatazikwa chini ya safu inayofuata, na pale chuma hakitashikana kamwe.

Usalama si sura ya pembeni katika somo hili. Miwani ya jua haitoshi. Mwanga wa kuchomelea huunguza jicho, na maumivu huja baada ya saa kadhaa, kama mchanga chini ya kope. Moshi wa kuchomelea uliwekwa mwaka 2017, na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, katika kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Shule inayowaambia vijana haya na kuwapa maski inawapa miaka ya kufanya kazi.

Sasa lile jambo. Mwalimu mzuri hupokea kazi ya mwanafunzi, ikiwa imepigwa brashi na kung'aa, anaibana kwenye etau, yaani jiliwa, na kuivunja kwa nyundo. Ndani yake mna ukweli wote: mstari mweusi wa mavi ya chuma, vitundu, au ukingo ulionyooka ambao haukuyeyuka hata kidogo, mshono umeulalia tu juu juu. Mara nyingi mshono mzuri kwa sura ndio unaoanguka. Kiwango cha kimataifa cha kuwapima wachomeleaji, ISO 9606-1, kinatumia njia hizo hizo pamoja na kukunja ukanda uliokatwa kupitia mshono. Ufa unaofika milimita 3 unamwangusha mtahiniwa. Zipo pia picha za eksirei na mawimbi ya sauti, lakini etau na nyundo vinapatikana Goma leo. Karakana ya barabarani haiwezi kuvunja lango la mteja ili mwanagenzi ajifunze. Shule inaweza, na isiyofanya hivyo inatoa vyeti vya sura.

Kijana aliyevunjiwa kazi mara nyingi hachomelei tena kwa ajili ya macho ya mteja. Anasugua safu ambayo hakuna atakayeiona.

Basi ukienda kuagiza mnara wa tangi, usianze na bei ya rangi. Mwombe fundi achomelee vipande viwili vya konyeri ileile, avivunje mbele yako, mtazame pamoja. Na umlipe bageti hizo na muda wake.