Amarwa Mbele ya Sheria: Ufafanuzi wa Istilahi za Vileo katika Kisii na Nyamira

Kila sheria huanza kwa kufafanua maneno yake. Kifungu cha ufafanuzi husomwa na wachache, lakini ndicho kinachoamua nani yumo ndani ya sheria na nani yu nje yake. Makala haya yanachunguza istilahi za vileo katika sheria za Kenya kama zinavyowahusu wasemaji wa Kigusii katika kaunti za Kisii na Nyamira. Hoja yake ni kwamba mpaka mkuu uliochorwa na sheria hizo, yaani ule ulioko baina ya kinywaji kilichochachushwa na kilichokenekwa, haumo katika neno ambalo Mgusii hulisikia akiwa kizimbani.

Neno hilo ni amarwa. Ni nomino isiyo na umoja, kama yalivyo maji na maziwa katika Kiswahili, na ina ndugu zake katika amalwa ya Kiluhya na amarwa ya Kinyankole. Kwa asili amarwa ni pombe ya nafaka, hasa wimbi, ambao Wagusii huuita obori. Unga huchachushwa, hukaangwa, kisha hutiwa maji na kimea. Pombe hiyo ndiyo iliyokuwa shukrani kwa risaga, yaani kundi la majirani waliokusanyika kulima shamba la mwenzao, na wazee waliinywa kwa mirija kutoka katika chungu kimoja. Siku hizi maana imepanuka. Busaa ni amarwa, bia ya chupa ni amarwa, na chang'aa nayo ni amarwa. Msemaji akitaka kubainisha hutaja jina mahsusi. Asipotaka, neno moja humtosha.

Sheria haikutosheka na neno moja. Sura ya 122 ya sheria za Kenya, iliyohusu pombe za kienyeji, ilizifafanua kuwa ni vileo vilivyotengenezwa kwa njia za jadi za Kiafrika, isipokuwa kwa kukeneka, vikiwa tayari kunywewa au vikiwa bado vinaendelea kuchacha. Ufafanuzi huu una udhaifu na una ubora. Udhaifu wake ni kwamba maneno "njia za jadi za Kiafrika" hutaja asili ya kitu pasipo kutaja kitu chenyewe. Hakimu huachiwa kuamua jadi ni ya nani na ilikoma lini. Ubora wake ni katika maneno ya mwisho. Hapo mtunga sheria alikiri jambo ambalo kila mpishi wa pombe hulijua: kwamba kinywaji hiki hakitulii, na kilichomo chunguni leo si kile kitakachokuwamo kesho.

Kwa upande wa kinywaji cha kukeneka, sheria ilifuata njia nyingine. Mwaka 1980 Kenya ilitunga sheria ya kupiga marufuku chang'aa na kulitia neno hilo katika jina la sheria yenyewe. Majirani walikuwa wametangulia. Uganda ilikuwa na Sheria ya Enguli ya 1965, iliyohusu utoaji wa leseni, na Tanzania ilikuwa na Sheria ya Moshi ya 1966. Waandishi wa sheria hizi zote waliandika kwa Kiingereza, lakini walipokifikia kinywaji hiki iliwalazimu kuazima jina kutoka vinywani mwa watu. Pombe ya kuchachushwa, kinyume chake, ilibandikwa maelezo marefu ya kigeni katika Sura ya 122. Hivyo nchini Kenya kilichokatazwa kilipewa jina lake, na kilichovumiliwa kikanyimwa.

Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010, ambayo wengi huiita Sheria ya Mututho kwa jina la mbunge aliyeiwasilisha, iliifuta ile ya 1980 na kuviweka vileo vyote chini ya mwavuli mmoja. Kileo ni kitu chochote cha kunywewa chenye alkoholi ya nusu ya asilimia moja au zaidi, pamoja na vinywaji vya kienyeji. Kwa mkemia ufafanuzi huu ni imara. Lakini mpishi wa Nyamache au wa Ekerenyo hana kipimo cha asilimia. Anachohesabu ni siku za kuchacha. Zaidi ya hayo, Katiba ya 2010 iliwapa magavana na mabunge ya kaunti kazi ya leseni za vileo. Mji wa Keroka umekaa juu ya mpaka wa Kisii na Nyamira. Barabara moja yaweza kuwa na mamlaka mawili ya leseni juu ya amarwa ile ile.

Madhara ya jambo hili huonekana mahakamani. Mahakama za chini huendeshwa kwa Kiingereza au Kiswahili, na asiyezielewa lugha hizo hupewa mkalimani. Katika shauri la Adan la 1973, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliweka kanuni kwamba mashtaka pamoja na viungo vyake vyote sharti vielezwe kwa lugha anayoielewa mshtakiwa kabla ya kukiri kwake kupokewa. Sasa na achukuliwe mama aliyeshtakiwa kwa chang'aa. Mkalimani akimwuliza kama alikuwa na amarwa nyumbani, naye akaitikia, amekiri nini? Huenda alikuwa akifikiria chungu cha busaa. Kati ya 1980 na 2010 kosa lililotafsiriwa hivyo lilitosha kumhamisha mtu kutoka katika kinywaji chenye leseni hadi katika kilichoharamishwa kabisa. Hata chini ya sheria ya 2010, ambapo vyote viwili huhitaji leseni, hukumu ya haki hutegemea kujua ni kinywaji gani hasa.

Tiba haihitaji neno jipya. Kiswahili kina chachusha na keneka, vitenzi viwili vinavyotenganisha kwa usahihi kile ambacho nomino pombe na amarwa huchanganya. Mkalimani aulize kilitengenezwaje, asiulize kinaitwaje. Idara za lugha zina wajibu wa kukaa na makarani wa mahakama na wapishi wenyewe ili kuandaa faharasa fupi ya Kigusii na Kiswahili iliyojengwa juu ya vitenzi hivyo. Hadi hapo, jibu la "ndiyo" litaendelea kuandikwa kwenye majalada ya Kisii na Nyamira pasipo mtu kuwa na hakika lilijibu swali gani.