Rangi Hurudi Kupitia Vinyweleo

Mgonjwa wa vitiligo anaweza kupaka krimu moja mwili mzima, mabaka ya usoni yakarudisha rangi huku ya ncha za vidole yakibaki meupe pepepe. Ngozi ni ya mtu yuleyule, na dawa ni ileile. Muuza mafuta ya miujiza hawezi kukueleza tofauti hiyo, ilhali ndiyo inayoamua tiba.

Katika vitiligo, kinga ya mwili huzigeukia seli zinazotengeneza melanini na kuziua. Zinazokufa ni zile za tabaka la juu. Chini, kwenye mashina ya vinyweleo, hubaki seli changa za akiba. Shina la kinyweleo ni kitalu: miche ya rangi hutoka humo, na ndiyo maana baka linalopona huanza kwa vitone vyeusi kuzunguka vinyweleo. Uso una vinyweleo tele. Ncha za vidole, viganja na midomo haina. Na baka ambalo hata nywele zake zimegeuka nyeupe limekwisha kupoteza akiba hiyo.

Kazi basi ni mbili, na kila moja ina wakati wake. Kwanza, shambulio lizimwe. Steroidi za kupaka hufanya hivyo, lakini zikitumiwa ovyo hukondesha ngozi. Krimu ya ruksolitinibu ya asilimia 1.5, iliyoidhinishwa Marekani Julai 2022, hukata ishara zinazoziita seli za kinga kwenye ngozi. Katika majaribio yake mawili makubwa, wagonjwa kama 3 kati ya 10 walipata nafuu ya asilimia 75 au zaidi usoni baada ya wiki 24. Waliopaka krimu isiyo na dawa walikuwa kama 1 kati ya 10. Kipimo hicho kilikuwa cha uso, mahali penye vinyweleo.

Pili, akiba iamshwe kwa mwanga. Wamisri walitangulia: katika miaka ya 1940, daktari El Mofty alitumia dawa iliyotolewa katika mmea wa Ammi majus, kisha mgonjwa akaota jua. Mwaka 1997, Westerhof na Nieuweboer-Krobotova wa Amsterdam walionyesha kwamba taa ya urujuanimno ya nanomita 311 huleta matokeo bila dawa hiyo inayoweza kuunguza.

Nchiru, kwenye barabara ya Meru kwenda Maua nchini Kenya, iko karibu mno na ikweta. Kwa nini basi mtu asiote jua la bure? Kwa sababu jua halina kipimo. Taa huanzia milijuli 200 kwa sentimita mraba, kisha dozi huongezwa kwa asilimia 10 hadi 20 kila kikao, ngozi ikiangaliwa. Baka jeupe halina kinga ya melanini, na likiungua, jeraha lenyewe laweza kuzaa baka jipya.

Kuna pia hesabu ya nauli. Wataalamu wanashauri vikao visipungue 72 kabla ya kusema taa imeshindwa. Kwa vikao vitatu kwa wiki, hizo ni wiki 24. Anayeacha mwezi wa pili hajajua kama dawa imekataa. Kwa mtu anayekaa mbali na hospitali, taa ndogo ya mkononi, inayotumika nyumbani chini ya uangalizi, inaweza kuamua kama tiba itafika mwisho.

Baka lisilo na akiba huletewa seli kutoka kwingine. Daktari huchuna ngozi nyembamba sana ya paja, eneo la karibu sehemu moja ya kumi ya baka, akaiweka kwenye kimeng'enya kiitwacho tripsini ili seli ziachane. Kisha hukwangua baka hadi vitone vya damu vionekane, akamwagia seli hizo na kufunga kwa takriban wiki moja. Njia hii inahitaji maabara. Ile ya vipandikizi vya milimita moja haihitaji: ni ganzi, kifaa cha kutoboa ngozi na mkono mtulivu, ingawa huweza kuacha vinundu. Kwa hospitali ya kaunti, hiyo ya pili ndiyo iliyo karibu zaidi.

Lakini upasuaji hufaa baka lililotulia, kwa kawaida mwaka mzima bila kupanuka. Ukipandikiza wakati kinga ingali inashambulia, seli mpya nazo zitauawa. Hata baka likiwa limetulia, vidole hubaki vigumu.

Kabla ya yote, hakikisha ni vitiligo. Baka la ukoma hupoteza hisia. La vitiligo huhisi unyuzi wa pamba ukiligusa. Uchunguzi huo unaweza kufanywa na afisa wa kliniki aliyesomea ngozi, kama wale ambao kituo cha mafunzo cha kanda kilichoko katika hospitali ya KCMC, Moshi, Tanzania, kimekuwa kikiwaandaa tangu 1992. Ukimfikia, muulize mambo mawili kabla ya kuuliza bei: baka limetulia? Nywele zake zingali nyeusi? Majibu hayo ndiyo yatakayokuonyesha kama pesa zako ziende kwenye krimu, kwenye taa au kwenye kisu.