Hesabu ya nyangumi ambao hakuna aliyewaona

Kila mwaka nyangumi wa kijivu hushuka kutoka bahari za Aktiki hadi ghuba za Baja California, Meksiko, wanakozalia. Wengi hupita karibu mno na nchi kavu. Mbele ya Granite Canyon, kusini mwa Monterey katika jimbo la California, huwa ndani ya kilomita tano au sita kutoka ufukweni. Wanasayansi wa serikali ya Marekani wamewahesabu hapo tangu miaka ya 1970. Hesabu yenyewe ilianza jirani na hapo mwaka 1967.

Waangalizi hukaa juu ya jabali, zaidi ya mita 20 kutoka usawa wa bahari. Anayeona mvuke wa pumzi husoma mwelekeo kwenye dira ya darubini, kisha hutazama vistari vya lenzi kujua mnyama yuko chini ya upeo wa macho kwa kiasi gani. Kimo cha jabali kinajulikana, hivyo pembe hiyo hutoa umbali. Nyangumi akizama, kompyuta hukadiria atakapoibukia, ili kundi moja lisihesabiwe mara mbili.

Ugumu uko kwa waliopita bila kuonekana. Dawa yake ni timu mbili zinazotazama bahari ileile bila kuambizana. Tuseme ya kwanza imeona makundi kumi, na ya pili imeona manane kati ya hayo: tayari tunajua timu ya pili hukosa makundi mawili katika kila kumi, na jumla yake hupandishwa ipasavyo. Usiku ulipimwa kwa kamera za joto katika miaka ya 1990, ikabainika kuwa katika sehemu ya pili ya msimu, safari hushika kasi giza likiingia. Isitoshe, jicho hupunja ukubwa wa kundi. Kwa sababu hiyo mtafiti Jeff Laake na wenzake walichapisha mwaka 2012 makadirio mapya ya misimu yote kuanzia 1967 hadi 2007.

Je, marekebisho hayo yanatosha? Makadirio yalikuwa takriban 14,500 mwaka 2023, yakapanda hadi 19,000 hivi mwaka 2024, kisha yakaanguka hadi karibu 13,000 mwaka 2025. Nyangumi hawazaliani kwa kasi hiyo: ndama wa 2023 walikadiriwa kuwa mia chache tu. Sehemu kubwa ya mruko huo, basi, ni ya kipimo chenyewe, na tarakimu ya msimu mmoja haifai kubeba uamuzi peke yake.

Mteremko wa miaka mingi ni jambo jingine. Mwaka 2016 walikadiriwa kuwa karibu 27,000. Kupotea kwa nusu yao hakuelezeki kwa ukungu wala uchovu wa macho, na mamia ya mizoga iliyokutwa kwenye fukwe za Amerika Kaskazini kati ya 2019 na 2023 ni ushahidi usiotegemea darubini hata kidogo.