Jicho la Mtunga Shanga

Uchovu wa mkono hupona kwa usingizi wa usiku mmoja, lakini mtunga shanga aliyechoka jicho huamka asubuhi akiwa na nguvu, uzi anao, sindano anayo, vikopo vimejaa shanga za kila namna, na hata hivyo kila rangi aitiayo uzini humwonekea kuwa ni ya jana. Nimeifahamu taabu hii kwa kumtazama mama mmoja wa Keko Machungwa, fundi wa vidani, vikuku na herini, ambaye barazani pake nimezoea kukaribishwa nyakati za alasiri. Na ingawa kazi za mikono yake ni nyingi na zinastahili sifa, ninalotaka kulisifu ni adabu yake pale rangi zinapomgomea, kwa kuwa adabu hiyo naiona inapungua mno miongoni mwa mafundi wa zama zetu.

Hakimbilii Kariakoo kununua shanga mpya. Hufunika vikopo vyake kwa kipande cha kanga, akanawa uso, akavuka njia mpaka kwa majirani zake maseremala, wale ambao vitanda, makabati na milango yao vimelifanya jina la Keko lijulikane Dar es Salaam nzima.

"Leo macho yamekataa, wanangu," huwaambia.

"Shikamoo, mama. Karibu ukae, maranda yapo."

Basi hupewa kibao cha kukalia karibu na meza ya randa, na baada ya hapo hakuna amsemeshaye.

Apitaye hapo kwa haraka hudhani kwamba mbao zote ni kahawia moja, na katika kudhani hivyo huikosa hazina iliyomwagika miguuni pake. Mninga, ambao mti wake ukijeruhiwa hutoka utomvu mwekundu, huachia chini ya randa maranda ya rangi ya asali yaliyopitiwa na michirizi ya hudhurungi, na michirizi hiyo haifanani katika mbao mbili. Mvule huwa wa manjano siku ya kupasuliwa, kisha hugeuzwa polepole na mwanga hata ukawa kahawia iliyokolea, hivi kwamba ubao wa leo ukiegeshwa kando ya ubao wa zamani, mgeni hakubali kuwa zote mbili ni za mti wa aina moja. Mpingo nao, kipande chake kikipatikana, una weupe wa kuelekea manjano katika sehemu yake ya nje, na ule weusi wa kiini usifiwao na kila mtu, ukigeuzwageuzwa juani, hudhihirisha zambarau iliyojificha ndani yake. Na mkongo, ambao watu wa pwani huuita pia mbambakofi, licha ya ubao wake wa wekundu mpole, huzaa mbegu nyeusi ing'aayo yenye kofia nyekundu, pambo lililokamilika kabla ya kuguswa na fundi yeyote. Mama yule anazo mbegu hizo katika kikopo cha peke yake, wala hajapata kuziuza.

Nilimwona alasiri moja akiwa na kazi ya bibi arusi, kidani cha rangi za kisutu, yaani nyekundu, nyeusi na nyeupe, rangi ambazo wanawake wa pwani wamezivaa arusini tangu zama za bibi zao na ambazo yeye amekwisha kuzitunga mara zisizohesabika. Wekundu ulikuwa umemfia mkononi. Akaokota maranda ya mvule mbichi, akayatandaza juu ya goti, akaweka juu yake shanga chache nyekundu, akatazama, akaziondoa, akaziweka juu ya maranda ya mninga, akatazama tena kwa muda mrefu kuliko ambao mimi ningestahimili. Kisha akasema kwa sauti ya mtu aliyefarijika, "Nyekundu haina kosa. Jirani yake ndiye aliyeizima." Akarudi nyumbani, akaufumua uzi, akapunguza shanga nyeupe, na mahali pake akatia za manjano hafifu, manjano ya mvule wa siku ya kwanza; na wekundu ule ule wa asubuhi ukawaka.

Neno hilo la mama wa Keko lina shahidi wa mbali. Michel Eugène Chevreul, mwanachuoni wa Ufaransa aliyesimamia utiaji wa rangi katika kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins mjini Paris, alifikiwa na malalamiko kwamba weusi wa nyuzi zake ni hafifu. Akachunguza, akatambua kwamba weusi ulikuwa timamu ila ulidhoofishwa na rangi zilizofumwa kando yake, na mwaka 1839 akatoa kitabu kikubwa juu ya jambo hilo. Kadhalika, jicho lililokazia wekundu kwa muda likihamishiwa kitambaa cheupe huona kivuli cha kijani kisichokuwapo, na kwa hiyo kufunika vikopo na kuondoka ni maarifa halisi, si uvivu.

Wala pwani yetu haikuanza jana kuwa na insafu ya rangi. Stanley, aliyeongoza msafara wake kutoka Bagamoyo mwaka 1871, aliandika kwamba shanga nyeusi zilikuwa fedha katika Ugogo na zikakataliwa kwingineko, na kwamba nyeupe zilizokubaliwa Ufipa zingedharauliwa Uzigua na Ukonongo. Mfanyabiashara asiyejua macho ya watu wa kila nchi alirudi na mizigo yake.

Leo nchi zote zinalishwa rangi moja. Shanga huja zimekwisha kupangwa katika vifuko, nyekundu na wenzake walioamuliwa na mtu asiyejulikana, na kijana mwenye vidole vyepesi hufungua simu, akanakili picha, akamaliza vidani vitano jioni moja chini ya taa ya umeme, ambayo kila fundi mzee anajua kuwa hudanganya rangi. Vidole vya vijana hao navistahi. Ninachokisikitikia ni macho yao, ambayo hayajapewa nafasi ya kuchoka wala ya kupona. Na msiba umevuka njia pia: katika karakana za Keko zinazidi kuingia mbao za unga uliogandishwa kwa gundi na kuvikwa karatasi yenye picha ya mti, mbao zisizo na maranda, zisizogeuka rangi, zisizo na la kumpa mtu aliyekuja kukaa kimya kando yao.

Ewe msomaji unayeagiza kidani kwa ajili ya arusi ya binti yako, usimwambie fundi kwamba unakitaka kesho, wala usimwoneshe picha ya kidani cha mwingine. Mpe kanga atakayoivaa bibi arusi, mpe siku za kutosha, na ukimkuta amefunika vikopo vyake ameketi kwa maseremala, usimhesabie kuwa ameacha kazi yako.